Watoto Wasioandikwa: Habari Zao Tangu Lutindi Hata Leo

Katika kitabu hiki cha Jubilei wenzetu wameandika habari za makanisa yaliyojengwa, na za wachungaji waliotutangulia, na za shule na hospitali. Hayo yote ni mema, nasi twayasoma kwa furaha. Lakini iko habari moja isiyotajwa sana siku za sherehe, nayo ni habari ya mtoto ambaye akili yake haikui sawasawa na mwili wake. Mtoto huyu yumo katika kila usharika, tangu vilima vya Mlalo hata pwani ya Pangani na Moa. Twataka kueleza ni nani aliyemtunza zamani, na Serikali iliingiaje katika shauri lake, na leo mzazi wake afuate njia gani ili aipate haki ambayo sheria imemwekea mwanawe.

Twaanza na madaftari, maana kazi yetu sisi makatekista na walimu ni kazi ya madaftari. Kila usharika una daftari la ubatizo. Mtoto huyu yumo humo: jina lake, baba na mama, wasimamizi, na siku aliyobatizwa. Sasa fungua daftari la kipaimara la miaka kumi na mitano baadaye, umtafute. Mara nyingi hayumo, kwa kuwa ilikuwa desturi mahali pengi kwamba asiyeweza kukariri Katekismo hangojewi. Nenda shuleni ulitazame daftari la mahudhurio. Hayumo, au yumo mwaka mmoja, kisha jina lake limepigwa mstari. Basi tangu siku ya ubatizo wake hata siku ya maziko yake hakuna kalamu iliyomgusa. Neno hili laonekana dogo, lakini ndilo shina la habari yote, kwa maana Serikali haiwezi kumsaidia mtu isiyemjua, nayo humjua mtu kwa kuandikwa.

Habari za zamani zaanzia Lutindi. Mwaka wa 1896 chama cha Wakristo wa Ujerumani waliopinga utumwa kilijenga nyumba huko Lutindi, katika milima ya Usambara, upande wa Korogwe. Haikuwa nyumba ya wagonjwa. Ilikuwa makimbilio ya watoto waliotolewa katika utumwa. Maana ingawa soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tangu mwaka wa 1873, biashara ile haikufa siku moja, na mtoto aliyekombolewa njiani hakuwa na kwao pa kurudi. Siku zile Ukristo ulikuwa mgeni kabisa katika milima hii. Mlalo ilianzwa mwaka wa 1891, na Vuga mwaka wa 1895.

Hata ilipofika mwaka wa 1904 watoto wa namna ile walikuwa wamepungua, na nyumba ina nafasi. Ndipo ikageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika nchi yote waliyoitawala Wadachi upande huu wa Afrika. Aliyejulikana sana katika usimamizi wake ni shemasi Bokermann, mtu wa Bethel. Kabla ya hapo mtu mwenye wazimu, akiwa hatari kwa wenziwe, alifungwa minyororo nyumbani au bomani, maana maboma hayakuwa na mahali pengine ila gereza. Sasa mabwana wa boma wakapata mahali pa kuwapeleka watu wa namna hiyo, na Serikali ikachangia gharama zao. Dawa za kutuliza akili hazikuwako bado. Kazi ndiyo iliyokuwa dawa: kulima, kufuga, kazi za mikono, kula pamoja na kusali pamoja, siku zikapita kwa utaratibu usiobadilika.

Huo ndio mwanzo, katika mkoa wetu, wa fedha ya Serikali kutolewa kwa ajili ya mtu mwenye shida ya akili. Misheni ilitoa mikono, Serikali ikatoa fedha kidogo na karatasi ya kumpelekea mtu. Msomaji aushike mpango huo, kwa sababu tutakutana nao tena baada ya miaka mia moja, nao haujabadilika sana.

Lakini yatupasa kusema wazi Lutindi haikuwa nini. Haikuwa shule ya watoto. Zamani zile, Ulaya kama Afrika, watu watatu wasiofanana waliwekwa chini ya dari moja wakaitwa jina moja. Wa kwanza ni mwenye wazimu: alikuwa na akili yake timamu, ikaugua, na huenda itapona. Wa pili ni mwenye kifafa, ambaye siku asiyoanguka ana akili zake zote kama wewe na sisi. Wa tatu ni yule aliyezaliwa na akili ya polepole. Huyu haugui. Anajifunza, ila hujifunza taratibu na kwa njia nyingine. Watatu hao wakiingia kwa mlango mmoja, wa tatu ndiye anayepotea, kwa maana muuguzi humtuliza asipohitaji kutulizwa, na mwalimu hayupo.

Vita vya mwaka wa 1914 vikaja, Wadachi wakashindwa, Waingereza wakatawala. Katika miaka ya 1920 wakajenga hospitali ya Mirembe huko Dodoma kwa wagonjwa wa akili wa nchi nzima. Lutindi haikufungwa, ipo hata leo, chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, na wagonjwa wake wangali wanafanya kazi za shamba na za mikono. Kwa watoto tunaowasema hapa Waingereza hawakuanzisha shule.

Hapa twaomba ruhusa ya kwenda mbali kidogo, hata Bethel kwenyewe, maana iko habari ambayo kila anayeshika daftari la majina hana budi kuijua.

Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, ilianzwa mwaka wa 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa. Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliiongoza tangu mwaka wa 1872 hata alipokufa mwaka wa 1910, na mwanawe mwenye jina lilo hilo akashika mahali pake. Ndio waliotuletea wachungaji, mashemasi na masista. Sasa mwaka wa 1933 Hitler akashika utawala, na mwaka ule ule ikatoka sheria ya kuwafanya tasa watu waliodhaniwa kuwa na kasoro ya kurithiwa. Wala tusifiche: sheria hiyo ilitekelezwa Bethel pia. Kisha tarehe 18 Agosti 1939 ikatoka amri kwamba waganga na wakunga waandike na kupeleka Serikalini jina la kila mtoto mchanga mwenye akili pungufu au viungo visivyotimia. Wazazi wakaambiwa watoto wao watapata uangalizi bora. Watoto wapatao 5,000, kwa uchache, waliuawa kwa njia hiyo. Kwa watu wazima zikatumwa karatasi za kujaza, jina, ugonjwa, na kama mtu aweza kufanya kazi au hawezi. Na hata Agosti 1941 watu zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi.

Karatasi hizo zilifika Bethel mwaka wa 1940. Bodelschwingh akakataa kuzijaza. Mwenzake, Mchungaji Paul Gerhard Braune, akaandika waraka kuishitaki kazi ile kwa wakubwa wa Serikali, naye akafungwa mwezi wa Agosti mwaka ule. Bethel haikuweza kuwaokoa wote, maana wagonjwa wake Wayahudi walichukuliwa wakauawa. Lakini wengi walipona kwa sababu kalamu ilikataa kuandika.

Twayasimulia hayo kwa kuwa wazazi wengi hutuuliza, "Mkimwandika, mtampeleka wapi?" Watu husema kwamba ni ujinga wa watu wa shamba. Sisi hatusemi hivyo. Daftari laweza kuwa mlango, na laweza kuwa mtego, na mzazi ana haki ya kuuliza ni lipi kabla hajataja jina la mwanawe. Anayeandika hana budi kujibu: jina litakaa wapi, litasomwa na nani, litamletea mtoto nini. Akiwa hana jibu, asiandike.

Turudi kwetu. Shule za watoto wenye ulemavu katika nchi hii zilianzwa na makanisa. Buigiri, karibu na Dodoma, ilifunguliwa na Waanglikana mwaka wa 1950 kwa ajili ya vipofu. Mwaka wa 1963 Wakatoliki walianza shule ya viziwi Tabora, na mwaka uo huo Walutheri wakaanza shule ya vipofu Irente, juu ya Lushoto. Watu huuliza kwa nini mtoto wa akili ya polepole alisahauliwa hivi, aje wa mwisho. Kwa fikira zetu sababu ni hii: kipofu husoma kitabu kile kile cha wenzake, ila kwa vidole, kiziwi husoma kile kile, ila kwa macho na mikono. Huyu wa tatu ataka kitabu kingine kabisa, chenye somo la kufunga vifungo vya shati, na kunawa, na kujua noti ya elfu na ya elfu tano, na kuikumbuka njia ya kurudi nyumbani. Shule haikutaka kuyaita hayo masomo, kwa hiyo mlango wake ulichelewa kufunguka.

Na si kwamba sheria haikumwita. Kufuata Azimio la Musoma la mwaka 1974, Elimu ya Msingi kwa Wote ilianza mwaka wa 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikalazimisha kila mtoto wa miaka 7 hata 13 aende shule. Watu wazima wakumbuka jinsi mtoto alivyopimwa mahali pasipokuwa na vyeti: avushe mkono wa kuume juu ya kichwa, ashike sikio la kushoto. Mkono ukifika, aandikwe. Mtoto wetu naye mkono wake ulifika, maana mwili haukuchelewa. Akaandikwa darasa la kwanza, akaketi kati ya watoto wengi wa mwalimu mmoja. Mwaka wa pili akabaki pale pale. Mwaka wa tatu mdogo wake akamvuka. Kisha akabaki nyumbani akichunga mbuzi, au akifungiwa ndani mama anapokwenda shamba. Sheria ilimwita, na darasa halikuwa na la kumpa.

Mwaka wa 1981 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa watu wenye ulemavu, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980 darasa la Serikali la watoto wenye ulemavu wa akili likaanza Dar es Salaam, katika shule ya Uhuru Mchanganyiko. Mwaka wa 1982 ikatungwa sheria ya matunzo ya walemavu. Hiyo ilisema kwamba kumtunza mlemavu ni wajibu wa jamaa zake, na wa serikali za mitaa, na wa Serikali kuu, na wa vyama vya hiari. Neno zuri, lakini wajibu wa watu wote ni mara chache kuwa wajibu wa mtu mmoja. Mwaka wa 2009 Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka wa 2010 ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9. Hapo lugha ikageuka: ya 1982 ilisema matunzo, ya 2010 yasema haki. Yasema kwamba mtoto mwenye ulemavu asome katika shule za kawaida pamoja na wenzake, isipokuwa pale anapohitaji mafundisho ya namna ya pekee. Tena imeagiza kwamba katika vijiji na mitaa itunzwe orodha ya watu wenye ulemavu. Basi daftari tulilolitafuta mwanzoni limeamriwa na sheria.

Katika milima yetu shule ya Irente Rainbow ilifunguliwa na Dayosisi mwaka wa 2005 kwa watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Miaka miwili baadaye kikaanza chuo kikuu huko Magamba, Lushoto, kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, nacho kiliweka mbele mafundisho ya walimu wa elimu maalumu. Tangu awali chuo cha Patandi, karibu na Arusha, kilikuwa kikiwafundisha walimu wa namna hiyo. Na shule kadha wa kadha za Serikali zina vitengo, yaani darasa la pekee ndani ya shule ya watoto wote. Msomaji ataona ule mpango wa Lutindi umerudi: jengo huenda ni la kanisa, mwalimu huenda mshahara wake watoka Hazina, na mtoto huletwa kwa karatasi.

Karatasi hiyo yategemea neno, na hapa walimu wasikilize sana. Zamani mtoto huyu aliitwa punguani, au zezeta, au taahira. Majina hayo yamekuwa matusi, nayo yaachwe. Siku hizi watu husema mtindio wa ubongo, usonji, ulemavu wa akili. Si majina ya adabu tu, maana kila neno hufungua mlango wake. Mama akisema mwanawe ni mgonjwa, ataelekezwa zahanati, atapewa vidonge, atarudi nyumbani. Akisema ana kichaa, atatajiwa Mirembe au Lutindi. Akisema amerogwa, atatajiwa mganga, na mbuzi wake wataisha. Lakini akisema, "Mwanangu ana miaka minane, hajasema maneno zaidi ya kumi, naye anaelewa nimwambiapo alete maji," afisa atajua kwamba anazungumza juu ya mtoto wa shule.

Na juu ya sababu: wako watoto waliozaliwa kwa shida wakachelewa kuvuta pumzi, na walioshikwa na manjano makali siku za kwanza, na walioumwa malaria iliyopanda kichwani. Hospitali ya Teule ya Muheza na ya Magunga, Korogwe, zilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyolinganisha dawa ya artesunate na kwinini kwa watoto wenye malaria kali. Habari yake ilitolewa mwaka wa 2010: katika kwinini walikufa karibu watoto 11 katika 100, katika artesunate 8 au 9. Tumshukuru Mungu kwa waliopona. Wachache katika hao walirudi nyumbani wakiwa hai na ubongo umeumia, na mama zao hawakumkosea mtu.

Sasa njia yenyewe. Mlango wa kwanza ni cheti cha kuzaliwa, na watoto wengi wa namna hii hawana, kwa kuwa cheti hutafutwa mtoto anapoanza shule, nao hawakuanza. Aliyechelewa kuandikwa huombewa cheti katika ofisi ya Wilaya kwa kuonyesha ushahidi wa kuzaliwa kwake. Na moja katika ushahidi unaopokelewa na RITA ni cheti cha ubatizo. Yaani lile daftari la usharika, ambalo peke yake lilimwandika, ndilo liwezalo kumfungulia madaftari mengine yote. Katekista akiombwa nakala asiseme njoo kesho. Ndugu zetu Waislamu wa pwani huleta kadi ya kliniki na barua ya mtendaji, nao wamejaa shida ile ile.

Kisha mzazi aende kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, mtoto aingizwe katika ile orodha ya sheria, na Afisa Mtendaji atoe barua. Kwa barua hiyo aende kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, maana huyo ndiye anayeweza kumwombea asiye na uwezo msamaha wa gharama za matibabu, na kumwelekeza hospitali ya wilaya, au Bombo, Tanga, ambayo ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mtoto akiisha kutazamwa na mganga, karatasi yake ipelekwe ofisi ya elimu ya halmashauri, kwa afisa wa elimu maalumu, ajuaye kitengo kilicho karibu na nafasi zilizopo. Walioandikwa katika kaya maskini za TASAF huchaguliwa katika mkutano wa kijiji. Basi mama asiyeweza kuondoka nyumbani kwa sababu ya mtoto, mtu wa jumuiya akaketi na mtoto siku hiyo, ili mama asimame mkutanini aseme mwenyewe.

Yako maudhi mengi katika njia hii, hatukatai. Mzazi huambiwa arudi wiki ijayo. Nauli ya kutoka kijijini hulipwa mara tatu kwa sahihi moja. Mwalimu mkuu mmoja humwambia hana kitengo, asimwambie kilipo. Wengi huishia hapo. Twaona wanaofika mwisho karibu wote walikuwa na mtu wa kwenda naye, mwalimu au mzee wa kanisa au jirani ajuaye kusoma, aliyeuliza jina la afisa, akaandika tarehe waliyoahidiwa, akarudi nao tarehe ile.

Halmashauri katika Mkoa wa Tanga ni 11: Jiji la Tanga, Muheza, Mkinga, Pangani, Korogwe mbili ya wilaya na ya mji, Handeni mbili vivyo hivyo, Kilindi, Lushoto na Bumbuli. Aendaye achukue cheti cha ubatizo au kadi ya kliniki, barua ya mtendaji, na karatasi za hospitali kama zipo, pamoja na nakala zake. Tena amchukue na mtoto, avae nguo yake njema, aketi katika benchi ile ile wanayoketi watu wengine.